Kwa Nini Ganesha Ana Kichwa cha Ndovu? Kuwajua Jirani Zetu wa Lanham

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, watoto wetu hurudi nyumbani na maswali. Rafiki wa darasani amewagawia wenzake ladu. Mwingine amesema nyumbani kwao wameleta mgeni wa udongo atakayekaa siku kumi, kisha wataenda kumtia majini. Na ndani ya gari la jirani, mbele ya usukani, kuna sanamu ndogo ya mtu mnene mwenye kichwa cha ndovu. "Mama, yule ni nani?"

Wengi wetu, Waislamu na Wakristo, hujibu haraka: "Hayo ni mambo ya Wahindi." Mazungumzo yanaishia hapo. Mtoto hakujibiwa, ila amejifunza jambo moja: kwamba kuna majirani ambao hatuulizi habari zao. Makala hii inataka kuwasaidia wazazi wajibu vizuri zaidi, na watoto waulize vizuri zaidi. Kumjua jirani si kuingia katika dini yake. Ni kumtaja kwa haki.

Mhindi si lazima awe Mhindu

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Tofauti ni herufi moja tu, lakini ni kubwa. Wahindi wengi wa pwani yetu ni Waislamu: Maismailia, Mabohora na Waithnaasheri. Wagoa wengi ni Wakatoliki. Singasinga wana dini yao, na Wajaini yao. Kwa hiyo ukimwambia mtoto kwamba Ganesha ni "mungu wa Wahindi," umewakosea Wahindi wengi wa Mombasa kwa neno moja. (Wanafunzi, msisahau kwamba mhindi pia ni ule mmea unaozaa mahindi. Huo nao hauna dini!)

Kuchanganya majina haya si jambo la leo. Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, walikuta bandarini wafanyabiashara kutoka India. Wakawadhania kuwa Wakristo, na habari hiyo wakaiandika katika kumbukumbu za safari yao. Wanahistoria wengi leo wanaona kwamba watu wale yamkini walikuwa Wahindu. Wareno waliona walichotarajia kukiona, hawakuuliza.

Sisi pia tuna neno letu la zamani, Baniani. Asili yake ni neno la Kigujarati la watu wa jamii ya wafanyabiashara. Pwani likawa jina la Mhindu yeyote, na baadaye likageuka kuwa neno la dharau. Wazazi wengi wanaijua methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Inamsema mtu anayemchukia mwenzake huku akihitaji msaada wake. Hatuwezi kuifuta methali, na si lazima tuifiche. Lakini mtoto akiisikia nyumbani, aelezwe kwamba Baniani wa methali ni watu kweli, nao wana wajukuu. Baadhi ya wajukuu hao wanapanda basi moja la shule na watoto wetu hapa Maryland na Virginia.

Mtoto aliyelinda mlango

Sasa turudi kwa yule mwenye kichwa cha ndovu. Jina lake ni Ganesha. Wengine humwita Ganapati, na Watamil humwita Pillaiyar au Vinayaka. Wahindu humwomba kabla ya kuanza jambo lolote: safari, ndoa, mtihani, duka jipya. Wanaamini kwamba yeye ndiye anayeondoa vikwazo njiani.

Hadithi zake ni nyingi, na kila jimbo la India lina namna yake ya kuzisimulia. Inayojulikana zaidi ni hii. Mungu mke Parvati alitaka kuoga, na hakuwa na mtu wa kumlindia mlango. Akachukua manjano aliyojipaka mwilini, akaifinyanga, akamfanya mtoto wa kiume na kumpa uhai. "Usimruhusu mtu yeyote aingie," akamwambia. Mumewe, Shiva, akarudi nyumbani. Mtoto hakumjua. Akasimama mlangoni na kumzuia. Shiva akakasirika, akamkata kichwa.

Parvati alipotoka na kuona yaliyotendeka, huzuni yake ilitikisa ulimwengu. Shiva akawatuma wafuasi wake walete kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayemkuta, naye alikuwa ndovu. Kichwa kikawekwa juu ya mwili wa mtoto, akafufuka. Kisha Shiva akampa heshima hii: kabla ya kuabudiwa mungu mwingine yeyote, Ganesha atajwe kwanza.

Wazazi wengine watauliza kama hadithi hii si kali mno kwa watoto. Ni kali kweli. Lakini angalieni inahusu nini: mtoto aliyemtii mama yake, baba aliyetumia nguvu kabla ya kuuliza, na familia iliyolazimika kutengeneza kilichovunjika. Kovu halikufichwa. Kila anayemwona Ganesha anaona pale kichwa kilipounganishwa na mwili.

Jinsi ya kumsoma

Picha ya Ganesha husomwa kama ukurasa wa kitabu. Maelezo hutofautiana kutoka mwalimu mmoja hadi mwingine, lakini haya husikika mara nyingi.

*Masikio makubwa* ni ya kusikiliza sana. *Mdomo mdogo*, uliojificha nyuma ya mkonga, ni wa kusema kidogo. *Mkonga* unaweza kung'oa mti na pia kuokota kitu kidogo sana, na hivyo ndivyo akili inavyotakiwa iwe: yenye nguvu na yenye uangalifu. *Tumbo kubwa* humeza yote, mazuri na mabaya, bila kupasuka. Mikono yake kwa kawaida ni minne. Mmoja hushika shoka la kukatia tamaa, mwingine kamba ya kumvutia mtu kwenye njia njema. Mmoja huinuliwa, kiganja kikikutazama, kama kusema "usiogope." Wa nne hubeba kitamu anachokipenda.

Miguuni pake yupo *panya*, ambaye ndiye kipando chake. Ndovu juu ya panya! Watoto hucheka, na wana haki ya kucheka. Wahindu wengi hueleza kwamba panya ni mfano wa tamaa, inayopenya kila tundu na kuguguna kila kitu. Haiuawi, hutawaliwa.

Tazameni pia *pembe* zake. Moja imevunjika. Hadithi moja inasema kwamba mwenye hekima Vyasa alitaka mtu wa kumwandikia Mahabharata, utenzi mrefu sana wa Kisanskriti. Ganesha akakubali kwa sharti kwamba Vyasa asitulie hata kidogo katika kusimulia. Vyasa naye akaweka sharti lake: Ganesha asiandike neno lolote kabla ya kulielewa. Katikati ya kazi kalamu ikavunjika. Ganesha hakusimama, akavunja pembe yake na kuendelea kuandika nayo. Sisi wa shule ya lugha tuna sababu ya kuipenda hadithi hii. Sharti la Vyasa lingefaa kubandikwa ukutani kwetu: usiandike usichokielewa.

Ndugu wawili wa Lanham

Ganesha ana ndugu, Kartikeya, ambaye Watamil humwita Murugan. Inasimuliwa kwamba siku moja ndugu hao walishindania tunda. Watamil wengi husema lilikuwa embe. Masharti yalikuwa kwamba atakayeizunguka dunia kwanza ndiye mshindi. Murugan akarukia mgongo wa tausi wake na kupaa. Ganesha akamtazama panya wake, akalitazama tumbo lake, akafikiri. Kisha akatembea polepole akiwazunguka baba na mama yake. "Ninyi ndio dunia yangu," akasema, na tunda akapewa yeye. Murugan alirudi, akaona ameshindwa, akaondoka kwa hasira na kwenda kukaa mlimani.

Hapa kwetu ndugu hao wawili ni majirani. Mjini Lanham, katika kaunti ya Prince George's, kuna hekalu la Sri Siva Vishnu kwenye barabara ya Cipriano. Ni jengo jeupe lenye minara iliyochongwa kwa mtindo wa India ya kusini. Kama jina linavyosema, linawaweka pamoja Shiva na Vishnu, na Ganesha ana madhabahu yake humo. Mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, katika Lanham hiyohiyo, kuna hekalu la Murugan. Ukipita huko Jumapili moja, unaweza kuwaonyesha watoto nyumba za ndugu wote wawili.

Mtu akiingia hekaluni huvua viatu kwanza, jambo ambalo Waislamu hawahitaji kufundishwa. Wengine hugonga kengele. Mbele yao wataona sanamu iliyovishwa nguo na maua. Wahindu huiita *murti*. Ibada yenyewe huitwa *puja*. Kuhani huiosha murti kwa maji, maziwa, mtindi na asali, huipaka msandali, huifukizia udi, kisha huzungusha taa ya moto mbele yake. Waumini hupitisha viganja juu ya mwali na kujigusa uso. Wengine huzunguka madhabahu, upande wa kulia ukiwa ndio unaoielekea. Mwisho hupokea *prasadi*, yaani chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu na sasa kinagawiwa watu.

Wengine huleta nazi na kuivunja mbele ya Ganesha. Kifuu kigumu ni kiburi cha mtu. Kikipasuka, ndani kuna weupe na maji matamu. Sisi tunaoijua nazi tangu mbuzi hadi tui tunauelewa mfano huu bila mkalimani. Udi, ubani, asumini, nazi, tambuu: mtu wa Lamu au Unguja akiingia humo, pua yake inaweza kutambua mambo kabla ya macho.

Je, wanaabudu udongo?

Hili ndilo swali ambalo watoto wetu huuliza, na wazazi huliogopa. Tulijibu kwa kutazama sikukuu kubwa ya Ganesha, iitwayo Ganesha Chaturthi.

Chaturthi maana yake ni "ya nne." Sikukuu huangukia siku ya nne ya mwezi mwandamo wa Bhadrapada, kati ya Agosti na Septemba. Wahindu huhesabu miezi kwa mwandamo kama sisi tunavyoifuatilia Ramadhani. Lakini takriban kila miaka mitatu huongeza mwezi mmoja ili kalenda iende pamoja na majira. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka mwaka mzima, lakini Ganesha Chaturthi haijawahi kufika Januari.

Siku hiyo familia huleta nyumbani Ganesha wa udongo. Kuhani au mwenye nyumba husoma maneno ya kumkaribisha, na tangu hapo wanaamini kwamba mungu yumo kama mgeni. Anapewa maua, nyimbo na kitamu kiitwacho *modaka*, ambacho mara nyingi ni unga wa mchele uliojazwa nazi na sukari guru. Hukaa siku moja na nusu, au tatu, au tano, hata kumi. Kisha husomewa maneno ya kuagwa, hubebwa kwa ngoma na shangwe hadi mtoni au baharini, na kuachwa majini ayeyuke.

Fikirini kidogo. Kama udongo ndio ungekuwa mungu mwenyewe, nani angeuyeyusha huku akiimba? Mhindu anayeuaga udongo ule anasema kwa mikono yake kwamba umbo lilikuwa la muda tu, na kwamba aliyealikwa ndani yake amekwenda zake. Wahindu wenyewe hawakubaliani katika kila kitu. Wengi husema Mungu ni mmoja mwenye sura na majina mengi. Wengine huieleza miungu kwa namna nyingine. Wapo hata Wahindu wanaokataa kabisa matumizi ya sanamu. Dini yetu inaweza kuwa na jibu tofauti kabisa, na mzazi ana haki ya kumfundisha mtoto wake jibu hilo waziwazi. Lakini mtoto asifundishwe kwamba jirani yake ni mjinga asiyejua tofauti ya Mungu na udongo. Hilo si kweli.

Zamani sikukuu hii ilifanywa zaidi majumbani na kwa watawala. Mwaka 1893, India ikiwa chini ya Waingereza, mwanaharakati Bal Gangadhar Tilak wa Pune aliihimiza ifanywe hadharani, ili watu wa matabaka mbalimbali wakutane mitaani. Siku hizi mabishano ni mengine: sanamu za plasta na rangi za viwandani haziyeyuki, na huchafua maji. Kwa hiyo familia nyingi zimerudi kwenye udongo mtupu, na wengine humyeyusha Ganesha wao katika ndoo, kisha hulimwagia bustani tope lile.

Diwali, daftari na pwani yetu

Wiki kadhaa baadaye huja Diwali, usiku wa giza la mwezi ambapo kila nyumba huwasha taa. Kwa wafanyabiashara wa Kigujarati, Diwali ni pia wakati wa kufunga hesabu za mwaka. Daftari jipya hufunguliwa na kubarikiwa, na majina ya Ganesha na Lakshmi, mungu mke wa utajiri, hutajwa juu yake.

Daftari hizo zimeandikwa pwani yetu kwa miaka mingi. Katika karne ya 19 kampuni ya Jairam Shivji, familia ya Wahindu kutoka Kutch, ilikodisha forodha ya Zanzibar kutoka kwa masultani. Majahazi yao yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Lugha yetu ilipokea maneno ya watu hao: pesa, laki, bima, hundi, gari, bangili, chapati. Hata ladu, anayoonekana nayo Ganesha katika picha nyingi, ni ladu ya jikoni mwetu pia, ingawa yetu huwa na pilipili manga na tangawizi.

Biashara hiyo ilikuwa na upande wake mchungu. Katika shehena zilizokwenda India zilikuwamo pembe za ndovu, na huko Gujarat nyingi zilichongwa kuwa bangili za maharusi. Pembe hizo zilibebwa kutoka bara juu ya mabega ya wapagazi na watumwa. Wafanyabiashara wa dini zote walishiriki: Waarabu, Waswahili, Wahindi na Wazungu. Daftari lililofunguliwa kwa jina la mwenye kichwa cha ndovu liliweza kuwa na hesabu ya pembe za ndovu. Tukisimulia ujirani wetu, tuusimulie wote.

Mahekalu nayo yapo kwetu tangu zamani. Zanzibar lipo moja Hurumzi, ndani ya Mji Mkongwe. Dar es Salaam mtaa wa Kisutu unajulikana kwa mahekalu yake. Nairobi, hekalu kubwa la mawe ya kuchongwa la Swaminarayan lilifunguliwa mwaka 1999. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, familia nyingi zilitawanyika hadi Uingereza, Kanada na hapa Marekani. Ndiyo maana huenda siku moja, hekaluni au dukani hapa Maryland, bibi aliyevaa sari akamjibu mtoto wako kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chako.

Na Ikulu ya Marekani? Mwaka 2009 Rais Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya, aliwasha taa ya Diwali White House, na kuhani kutoka hekalu la Sri Siva Vishnu la Lanham alisoma sala kwa Kisanskriti.

Kwa familia zinazotaka kujionea

Hekaluni wageni hukaribishwa. Vaeni nguo za heshima, vueni viatu mahali palipotengwa, msiingie na nyama, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Hakuna anayelazimishwa kusujudu. Mkipewa prasadi au alama ya paji la uso na hamtaki, unganisheni viganja, inamisheni kichwa kidogo na kushukuru. Hakuna atakayechukia.

Familia isiyopenda kuingia mahali pa ibada ya wengine inaweza kwenda National Museum of Asian Art, katikati ya Washington, karibu na kituo cha treni cha Smithsonian. Kiingilio ni bure. Katika mkusanyo wake imo sanamu ya shaba ya karne ya 10 inayojulikana kama malkia Sembiyan Mahadevi wa Chola, katika umbo la Parvati, yule mama aliyetaka mlango wake ulindwe.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini Ganesha aliwazunguka wazazi wake badala ya dunia? Wewe ungezunguka nini?
2. Katika dini ya familia yako, ni kitu gani mgeni anaweza kukielewa vibaya? Ungemwelezaje?
3. Muulize babu au bibi kwa simu: je, utotoni mwake alikuwa na jirani Mhindu? Walipelekeana nini siku za sikukuu?

Maneno ya wiki

*mkonga*: pua ndefu ya ndovu
*kipando*: mnyama au chombo anachopanda mtu
*kikwazo* (*vikwazo*): kitu kinachozuia njia
*manjano*: kiungo cha rangi ya njano, binzari
*kuhani*: mtu anayeongoza ibada hekaluni
*forodha*: mahali pa kutoza ushuru wa bidhaa
*kaskazi* na *kusi*: pepo mbili za msimu katika Bahari ya Hindi